Nilimwita Mwongo, Ilhali Mwanga Ulikuwa Unazimika Kweli

Mimi ndiye niliyemharibia maisha rafiki yangu. Nitamwita Mutwiri, ingawa si jina lake. Wengine husema ni pombe, wengine husema alirogwa ng'ambo. Wapi! Ni mimi.

Yeye ni wa Meru, mimi ni wa Kiritiri. Miaka ya tisini tulienda ng'ambo kusomea fizikia, yeye kwa harambee ya kanisa lao, mimi kwa mbuzi aliouza baba. Kazi yetu maabarani ilikuwa chembe za semikondakta, kitu kile cha kutengenezea kompyuta; ni ndogo hata jicho halizioni. Ukiimulika chembe kwa leza, elektroni inaruka na kuacha tundu. Viwili hivyo hushikana, wanafizikia huita eksitoni, na vikirudiana chembe inatoa mwanga. Mzuri ajabu, jamani!

Siku moja Mutwiri akaniita. Alikuwa akipima chembe moja peke yake.

"Kuja uone, inazima halafu inawaka yenyewe," akaniambia. "Na leza sijagusa!"

Niliona. Niliona kwa macho yangu haya mawili! Lakini profesa alikuwa anamsifu yeye tu, na wivu ulikuwa unanila. Profesa aliponiuliza, nikasema sikuona kitu, na kwamba Mutwiri hupika matokeo. Akafukuzwa.

Haikuchukua muda, watafiti wengine wakatangaza jambo lile lile. Chembe hizo huzima na kuwaka, ndiyo tabia yake. Nilisoma habari hiyo, kisha nikarudi kazini bila kumwambia profesa ukweli. Mimi, mtu mzima!

Mutwiri aliporudi Meru, waliochanga walimwita mwizi wa harambee. Akaacha kanisa, akashika chupa, mwishowe akaondoka nyumbani, na hakuna anayejua aliko.

Niliporudi Kenya nilienda kwao kutubu. Mama yake akanipakulia mukimo, akaketi karibu nami.

"Wewe mlikuwa na yeye huko," akasema. "Niambie ukweli, kijana yangu. Mutwiri alidanganya hao watu?"

Mungu wangu! Nilikuwa nimekuja kusema. Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Ndiyo, mama."

Akafuta macho. "Basi nitaacha kumtetea," akasema, akaniongezea chakula. Nami nikala.

Wewe unayesoma, kama neno lako linaweza kumsafishia mtu jina, liseme leo, hata likikufukuzisha kazi. Mimi nilingoja ujasiri uje wenyewe. Mama huyo tumeshamzika, akiamini mwanawe ni mwongo.