Mayai Elfu Kumi na Mbili Kasoro Matano

Hapa mjini Rayong mtu haweki nadhiri kwa mzaha. Rampha aliweka, na sisi wenzake wa maabara ndio tunaoila.

Kwa miaka ishirini na miwili Rampha amekuwa akipima vichocheo, ule unga unaoharakisha mafuta ya mawese yageuke dizeli. Anapika, anapima, anatupa, anaanza upya. Mdomo wake nao haupumziki. Mwaka jana bosi akamleta Orathai, mtaalamu wa kompyuta. Mashine yake ilipitia vichocheo elfu kumi na mbili kwa hesabu tu, bila kulowesha hata kijiko, ikabakiza vitano. Bosi akasema kisipofaa hata kimoja, maabara inafungwa na Rampha anakwenda nyumbani.

"Mwanangu, hiyo mashine yako imewahi kunusa mawese?" Rampha akamuuliza.

"Hapana, shangazi. Wewe umenusa. Umepata vingapi?"

Jibu lilikuwa kimoja, tena cha zamani. Alinuna mpaka jioni.

Hasira zikampeleka kwenye kijumba cha mzimu kando ya lango. Akawasha udi, akamwambia huyo mzimu mbele yetu sote: "Babu, mashine hiyo ikipatia, nitakuletea yai la kuchemsha kwa kila kichocheo ilichokikataa."

Tulicheka. Nami nilicheka, mjinga mimi.

Cha kwanza kikaganda. Cha pili kikatoa sabuni. Cha tatu nacho kilipokufa, Rampha aliacha kutania, akaanza kufungasha vikombe vyake. Nilimwonea huruma. Cha nne kikatoa dizeli safi siku tisa mfululizo. Alilia, akamkumbatia Orathai, halafu machozi yakakatika.

"Ilikataa vingapi, mwanangu?"

"Elfu kumi na moja, mia tisa tisini na tano, shangazi."

Nikamshauri amwombe babu ampunguzie.

"Umpunje babu, kesho kichocheo kigome? Nyamaza umenye."

Basi kila asubuhi ni mayai thelathini. Babu anakula harufu, sisi tunakula yenyewe. Siku hizi hata jogoo akiwika natamani kutapika.

Mwezi wa sita wa mayai hayo Rampha akafikia umri wa kustaafu. Bosi akaleta keki na cheti.

"Siwezi kuondoka," Rampha akasema. "Bado nina kazi ya siku mia mbili na zaidi hapo langoni."

Bosi, ambaye hajui habari ya mayai, aliguswa sana. Akamwongezea mkataba wa miaka miwili, akatuambia tuige mfano wake. Rampha akaukunja mkataba vizuri, akaupachika kifuani, akanisogezea sufuria.

"Umesikia bosi," akasema. "Menya."