Wankyo Anawaonea Ng'ombe Wivu

Saa kumi na mbili asubuhi, Bugwema. Wankyo Machage anapita kando ya josho na ndoo tupu kichwani, anasimama nje ya uzio. Ng'ombe wanajitosa mmoja mmoja kwenye maji ya dawa, wanatoka wakichuruzika. Juu yao tanki la maji safi linafurika. Yeye anaelekea lamboni, mwendo wa saa nzima.

"Wivu? Ninao, sikatai," anasema mkulima huyu wa pamba, mama wa watoto sita. "Wenzangu wanaoneaga wivu mke mwenza. Mimi, ng'ombe!"

Na ana haki, jamani! Pampu na tanki vililetwa kwa bajeti ya halmashauri, fungu la mifugo. Mwanamke akikinga ndoo, mlinzi anamfukuza. Anaambiwa mifugo ni uchumi, maji ya kupikia ni mambo ya nyumbani.

Pamba nayo ni uchumi. Wankyo anaipanda, anaipalilia, anaichuma. Wanunuzi binafsi walioingia siku hizi wakifika, pesa anapokea mumewe, Mwikwabe.

"Ana ng'ombe wake mwekundu, anamwimbiaga jioni," anasema Wankyo, midomo kaibetua. "Mimi tangu anioe hajaniimbia hata siku moja."

Mwaka huu, 1998, maofisa walitoka Musoma kuuliza bajeti ijayo iwasaidieje wanawake na wanaume. Mkutano wakauitisha wapi? Joshoni, siku ya kuogesha! Huku mwanamke haendi kusimama joshoni. Pale ni pa mwenye ng'ombe. Wanaume watupu wakawasemea wake zao: wanawake wanataka josho la pili.

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema Wankyo.

Ofisa mipango, Bwana Silasi, hakushtuka. "Tulikuta watu wamejaa, tukajua kijiji chote kipo," anasema. Alhamisi anarudi kufunga mapendekezo. Mahali ni palepale, na ni siku ya kuogesha tena.

Basi Wankyo ameazima mtamba kwa kaka yake wa Kiriba. Mwikwabe kanuna.

"Anune tu. Nitashika kamba, nipange foleni na wanaume. Wakiniuliza nimefuata nini, si nimeleta ng'ombe? Nikishaingia, nasema maji. Bomba moja tu, nje ya uzio, la kwetu."

Anamgeuza mtamba masikio, anamtoa kupe.

"Huyu atatangulia kunywa, ndiyo desturi," anasema. "Ila safari hii nitakuwa nyuma yake na ndoo."