Mgeni wa Kila Jumapili

Jumatatu asubuhi nilipata habari kwamba yule fundi wa tairi wa Salgaa, aliyeimba besi katika kwaya yetu, amefariki. Mapafu yalimshinda. Wasomaji wangu mnajua mimi huandika polepole, na wiki hii kalamu imekuwa nzito zaidi. Katika kanisa letu dogo la mtaa wa Free Area, ukumbi wa mabati wenye maneno "Karibuni Nyote" langoni, tumechoka kuzika vijana.

Kwetu huja watu ambao makanisa mengine yamewatoa. Yeye alitolewa kwa sababu alimpenda mwanamume mwenzake. Jina lake lilisomwa kwenye matangazo kuwa ametengwa, baada ya tangazo la harusi na kabla ya lile la mazoezi ya kwaya, mama yake akiwa ameketi benchi la mbele. Alipofika kwetu, kiongozi wa ibada akasema kama kawaida, "Wageni wasimame tuwapigie makofi." Akasimama. Jumapili iliyofuata akasimama tena. Aliendelea hivyo kwa miaka, hata baada ya kupewa joho la kwaya, na watoto wakawa wanageuka mapema ili wamcheke. Siku moja mama anayepokea wageni, mkazi wa mtaa wa Section 58 asiyejua kunong'ona, alimkabili mlangoni.

"Boss, wewe ni mgeni wa nani? Chai yetu umekunywa mpaka vikombe vinakujua!"

"Mathe, wacha tu nisimame."

"Nikuandikishe leo ukuwe mshirika, tumalize hii mambo."

Alicheka, kisha sauti ikashuka. "Mathe, mgeni hatengwi. Anayetengwa ni mshirika. Mkinichoka nitaenda zangu, na hakuna jina litasomwa."

Mimi nilikuwa nyuma yao nikipanga viti vya plastiki, nikaendelea kuvipanga. Tangu siku hiyo, makofi yetu yamekuwa yakinichosha. Kumpigia mtu makofi ni rahisi, hata waliomtoa waliwahi kumpigia. Yeye alikuwa akitaka kujua kama atakuwa salama siku tutakapomzoea, na hilo hakuna kati yetu aliyejua namna ya kumhakikishia.

Jumapili yake ya mwisho alikuja akikohoa. Wageni walipoitwa, alibaki ameketi. Kwaya nzima iligeuka. Mama wa Section 58 akajipangusa macho kwa leso, akiamini kwamba hatimaye kijana amekuwa wetu. Mimi niliona jinsi kijana alivyoshika kiti chake kwa mikono miwili. Sikumuuliza.

Kwenye ibada ya mazishi, mama yake mzazi alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kiongozi, kwa mazoea tu, akasema, "Wageni wasimame." Mama yule akaanza kuinuka. Mpokeaji wetu akamwekea mkono begani.

"Keti tu, mama. Leo hatuna wageni."

Akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba umebanwa kifuani, kama mtu anayengoja kuambiwa ahame.

Aliyewahi kutengwa hawezi kuamini amefika nyumbani kwa sababu tu ameambiwa. Kazi yetu ni kumwacha asimame kila Jumapili anayotaka, tumpokee kila mara, mpaka siku atakapoketi. Na hata siku hiyo, huenda tusijue kama ameamini, au amechoka tu.