Baba Tela na ng'ombe anayemkataa

Saa kumi na mbili asubuhi. Maksai mmoja anakaza mnyororo, na banda la kuku linaanza kusogea. Ni banda la magurudumu manne, limejengwa juu ya tela kuukuu, na aliyelijenga anatembea kando yake, mkono ubaoni, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Baada ya hatua ishirini anamsimamisha maksai, anaweka mawe kwenye magurudumu na kufungua mlango. Kuku mia moja na arobaini wanashuka kwa ngazi na kutawanyika kwenye kipande cha malisho ambacho ng'ombe walikihama siku tatu zilizopita. Wanaparua kinyesi wakitafuta funza. Wakimaliza, samadi itakuwa imetawanyika yenyewe, na nzi watakuwa wamepungua.

Getini amesimama mteja mwenye ndoo ya mayai.

"Mama yupo?" anauliza.

"Mimi nipo."

Mteja anasema hana haraka, atamsubiri mama.

Mwenye banda ana miaka hamsini na minne, na majirani wanamwita Baba Tela. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya malori. Karakana ilipofungwa, alirudi nyumbani na kisanduku cha vifaa na tela moja bovu, alilopewa badala ya mshahara wa mwisho.

Shamba walilokuwa nalo, ekari mbili na nusu, lilikuwa limechoka. Udongo ulikuwa mgumu, nyasi moja moja kama ndevu za kijana. Aliligawa vipande kumi na viwili, akazungushia uzio, akaanza kuhamisha mifugo kila siku: ng'ombe kwanza, kondoo nyuma yao, kuku mwisho. Mwaka wa tatu nyasi zikafunika ardhi yote.

"Kila msumari hapa ni wangu," anasema. "Lakini uliza huko barabarani shamba hili ni la nani. Watakuambia kwa Mama Mayai."

Mama Mayai ni mkewe. Yeye ndiye anayekamua na kuuza, na yeye ndiye anayejua kuku gani ameacha kutaga. Bwana mifugo alipoleta wafugaji thelathini kujifunza, mama ndiye aliyeeleza. Mumewe alipewa kamba ya kondoo aishike.

"Saa mbili nzima," anasema. Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Haoni haya kulitaja jambo hilo kwa jina lake. Alikuwa na wivu. Si wa mwanamume mwingine. Wa mkewe mwenyewe, kwa sababu ya namna kila kiumbe pale kilivyogeuza shingo kikisikia sauti yake. Aliyemuuma zaidi ni ng'ombe mmoja mwekundu, Bibi Harusi, aliyekuwa akitoa lita kumi na nne kwa siku. Akikamuliwa na mama, anafumba macho. Akikaribiwa na baba, anakunja mgongo.

Mwaka jana binti yao mkubwa alijifungua, na mama akaenda kumwangalia kwa wiki tatu. Alimshauri mumewe amwite mkamuaji wa jirani. Mume akakataa.

"Nilifurahi alipoondoka, Mungu anisamehe," anasema. "Nilitaka arudi akute mambo yanakwenda bila yeye."

Siku ya kwanza Bibi Harusi alipiga ndoo teke. Siku ya pili Baba Tela alivaa koti la kazi la mkewe, la kijani, lililombana makwapani, akaingia zizini akijaribu kuimba anavyoimba mkewe. Ng'ombe alimnusa mkono, akainua mguu tena. Lita kumi na nne zikawa nane, kisha tano. Maziwa mengine yalibaki kwenye kiwele, na mwenye mgahawa anayenunua kwao akaanza kuuliza kulikoni.

Kila jioni mkewe alipiga simu. Kila jioni aliambiwa mambo ni shwari.

Siku ya tisa kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja, kigumu, cha moto. Maziwa yalitoka na mabonge. Daktari wa mifugo alikuja, akatoa dawa, akasema kiwele lazima kikamuliwe chote kila baada ya saa chache, la sivyo ng'ombe atakufa. Bibi Harusi hakumruhusu Baba Tela hata akiguse.

Baba Tela alikwenda nyuma ya nyumba kupiga simu.

"Njoo," alimwambia mkewe. "Ng'ombe wako anaumwa, na mimi hanitaki."

Kisha mkewe akauliza, "Umesema ng'ombe wa nani?"

"Wako, mama watoto."

Alifika kesho yake, amemwacha mjukuu wa siku kumi na mbili. Hakugomba. Alivua viatu vya safari, akaketi kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Mumewe alichungulia kati ya mbao. Bibi Harusi alifumba macho.

"Nilipaswa kufurahi," anasema. "Nilifurahi nusu."

Ng'ombe alipona, ila chuchu moja ilikauka moja kwa moja. Leo anatoa lita kumi. Binti yao alikaa miezi miwili bila kumpigia baba yake simu, na hilo, anasema, liliuma kuliko chuchu.

Mama Mayai, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, anasikiliza haya yote akifuta mayai kwa kitambaa kikavu. Anapoulizwa kama alijua mumewe anamwonea wivu, anasema alijua siku nyingi, na kwamba na yeye alikuwa na wivu wake.

"Tela lile alilichomelea miezi mitatu. Alikuwa analala analitaja," anasema. "Mimi niliomba meza ya jikoni. Mpaka leo nakatia vitunguu juu ya ndoo."

Mumewe anatazama chini. Inaonekana ndiyo mara ya kwanza anasikia.

Siku hizi amejifunza kukamua ng'ombe wawili kati ya watatu. Mpango wake umefungwa peke yake kwenye kivuli: mtamba wa miezi saba, aliyemlisha kwa mkono wake tangu siku ya kwanza. Katika miaka miwili hivi atazaa, na Baba Tela ameshatangaza kwamba hakuna mwingine atakayemkamua.

"Huyu atanijua mimi kwanza," anasema, akimkuna nyuma ya sikio.

Kutoka jikoni mama anaita kwamba chai iko tayari. Mtamba anainua kichwa na kugeuza masikio yote mawili upande wa nyumba. Baba Tela anasogea hatua moja, polepole, na kusimama katikati ya mtamba na nyumba.