Mbuzi, kuni mbichi na mama mkwe: yaliyonipata Kibugu

Wakuu, habari za mchana. Vuteni viti niwape hii. Ni ukweli mtupu, chumvi yote iliishia kwa mbuzi.

Mimi ni wa Ishiara. Kwetu jua ni la bure, na kuni za mgunga zimekauka mpaka ukizigonga zinalia. Njiti moja tu, moto umeshika. Kwa hivyo nimekua nikijiona fundi wa nyama choma. Hata nina dream ya kufungua choma base yangu, jina niko nalo tayari. Msicheke.

Sasa nikapendana na Wanja, msichana wa Kibugu, huko juu kwa majani chai na ukungu. Baba yake hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama. Alisema wazi hatatoa binti yake akaungue na jua la Ishiara. Siku ya mimi kwenda kujitambulisha ndiyo angetoa jibu la mwisho.

Na mimi na mdomo wangu nikatuma neno: mbuzi nitachoma mwenyewe.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Nikaonyeshwa kuni nyuma ya nyumba: magogo ya blue gum, manene, yamekatwa juzi. Nikayapanga kwa confidence, nikawasha.

Moshi.

Nikapuliza. Moshi zaidi. Machozi yananitiririka kama nimefiwa. Ncha za magogo zikaanza kutoa povu na kulia ssss, kama sufuria ya chai.

Wajomba wa Wanja wakaja kuangalia.

"Kijana, hii mbuzi unaichoma ama unaifunza kuvuta sigara?"

"Muache," akasema mwingine, "huko Ishiara wao huanika nyama kwa jua, inaiva."

Wakataka nimwage mafuta ya taa. Nikakataa. Nyama ingenuka taa mpaka wajukuu waisikie.

Kidogo tu hapa, wakuu. Ile povu ndiyo ilinifungua macho. Moto wangu wote ulikuwa unachemsha maji ndani ya mti, na mti hauwezi kushika moto kabla maji hayajatoka. Baadaye nikasoma kwa simu: ukifika kama digrii mia tatu hivi ndio mti unatoa gesi ya kutosha, na ule mwali unaouona ni gesi ikiwaka. Gogo nene nalo linameza joto tu. Kijiti chembamba kinashika haraka.

Nikaomba shoka, nikapasua magogo yakawa vipande vyembamba. Afadhali, lakini bado mbichi.

Kuni kavu zilikuwa mahali pamoja: jikoni kwa mama, juu ya mafiga, kwa itara, ile dari ya fito ambapo moshi huzikausha mpaka zinakuwa nyeusi. Na mnajua mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata kuchungulia ni aibu. Wanja naye mama alikuwa amemkalisha ndani: "Wacha tumuone."

Nikasimama na shoka, nikiona ndoa na choma base zikipaa na moshi.

Mara mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoka na mzigo wa kuni nyeusi, akauweka chini mbali kidogo na mimi. Hakuniangalia.

"Mbuzi ya watu isilale mbichi," akaiambia hewa, akarudi ndani.

Wakuu, hizo kuni! Njiti moja, moto ukanguruma. Vipande vyangu vikakaukia hapo juu, navyo vikashika. Baadaye makaa mekundu, mafuta yanadondoka, wajomba kimya kwa sababu midomo imejaa.

Wanja akaja akaninong'oneza. "Hizo kuni ziko itara tangu mwaka jana. Baba mwenyewe akizigusa ni vita."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nitafutie kofia kubwa. Si ulisema Ishiara kuna jua?"

Nilichojifunza: gogo bichi halisikii hasira. Lipasue, likaushe, anza na vyembamba. Na ukienda kwa wakwe milimani, beba kuni zako. Siku hizi kila nikipanda Kibugu nampelekea mama mzigo wa mgunga. Anaupandisha itara moja kwa moja.

Haya, na wewe kwa wakwe ulipimwa na nini? Shusha hapa tucheke pamoja.