Picha Iliyokataa Kukauka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoingia katika nyumba moja pale Igombe saa saba mchana, jua limewaka hadi mabati yanalia, nikakanyaga maji sebuleni. Hapakuwa na ndoo iliyomwagika. Mvua ilikuwa haijatukumbuka kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yametuama chini ya picha iliyotundikwa ukutani, na picha ile nilikuwa nimeichora mimi.

Nitakufikisha hapo taratibu, na kwenye swali lako la juzi pia. Kwanza ujue anayezungumza nawe ni nani, maana ninyi vijana mnapenda kumsikiliza mtu mwenye cheti. Cheti ninacho. Nilizaliwa Magu, mtoto wa mkulima wa pamba, na nilianza kazi kwa kuandika majina ya mitumbwi na kuchora ng'ombe kwenye milango ya mabucha. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijitafutia safari mwenyewe, nikafika ng'ambo, nikafagia ngazi za watu mchana na kusoma jioni, nikarudi Mwanza na diploma ya sanaa iliyowekwa kwenye fremu. Nikafungua karakana Nyakato, katikati ya viwanda. Kutoka Usagara hadi Magu hapakuwa na mkono kama wangu. Wengine husema, "Sijisifu, lakini..." Mimi najisifu. Nilikuwepo wakati najifunza, najua ilivyokuwa.

Basi siku moja akaja karakanani Mzee Lutema, mvuvi wa Igombe aliyekwisha kustaafu maji. Mpwa wake, Masalu, alikuwa amekwenda kuvua dagaa, upepo ukabadilika, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye ziwa halikumtoa. Walimtafuta mpaka visiwani, wakarudi mikono mitupu.

Ukoo ule una desturi kwa mtu aliyepotelea majini. Hukatwa shina la mgomba la kimo chake, likavishwa sanda, likazikwa kama mwili. Hilo lisipofanyika matanga hayaanuliwi, mjane hainuki kwenye mkeka, na wazee wanaamini marehemu mwenyewe anabaki njiani, hajui aelekee kwa wafu au kwetu.

"Tatizo ni dada yangu, mama yake Masalu," Mzee Lutema akaniambia. "Anasema hawezi kuaga mgomba, mgomba hauna uso. Sasa wewe bwana mkubwa wa diploma, tuchoree uso. Tutaulaza juu ya sanda, watu watoe heshima za mwisho, halafu tuufukie pamoja naye."

"Muufukie?" nikauliza.

"Kwani wafu wa huko ulikotoka mnawaweka kabatini?"

Akacheka kidogo, akanipa picha ya pasipoti iliyochakaa, ya rangi nyeusi na nyeupe. Ndiyo waliyokuwa nayo.

Nimechora nyuso nyingi, mwanangu, lakini ile ilikuja yenyewe. Mkono ulitangulia, mimi nikafuata. Shati nikalipaka bluu bila kuuliza alikuwa na shati gani. Juu ya nyusi ya kushoto nikaweka kovu dogo lililopinda, ambalo kwenye ile picha ya pasipoti halikuwepo. Nilijiambia kwamba uso ulikuwa unalitaka. Macho yalipokamilika nikaondoka pale mbele yake, nikaenda kukaa nje na wapita njia. Sikutaka kukaa naye peke yangu. Kisha nikarudi, nikatia sahihi yangu pembeni, kubwa, ya kusomeka.

Siku ya maziko nikaipeleka mwenyewe. Kaburi lilikuwa tayari limechimbwa nyuma ya nyumba, na mgomba umelazwa kwenye mkeka, mweupe ndani ya sanda. Nilipoifunua picha, kilio kilikatika ghafla kama redio iliyozimwa. Mama Masalu akaja hadi mbele yake, akagusa lile kovu.

"Aliangukia jiwe akiwa mdogo," akasema. "Nani alikuambia?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, maana badala ya kuogopa nilivimba kichwa. Niliwaona watu wazima wakirudi nyuma mbele ya kazi yangu, nikawaza, picha kama hii ikaoze ardhini? Nikamwambia yule mama, mbele ya watu wote, "Mama, hii haizikwi. Ukiizika hii, unamfukia mwanao akiwa anakutazama."

Aliikumbatia picha, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Padri mdogo wa parokia akabaki na kitabu mkononi. Mzee Lutema aliagiza yaletwe mabati, wakalifunika kaburi, na mgomba wakaulaza kando yake. Nikarudi Nyakato nikiwa nimeridhika. Nilidhani nimeiokoa sanaa.

Haikupita muda, Mzee Lutema akanifuata kwa bodaboda. Hakuketi wala hakuitikia shikamoo yangu.

"Twende ukaone kazi yako," akasema.

Ndipo nikafika siku ile ya jua kali. Nyuma ya nyumba, kaburi lilikuwa bado wazi chini ya mabati. Mgomba ulikuwa pale pale juani, na hapo nikasimama. Shina la mgomba likikatwa hunyauka, linalegea, linanuka. Lile lilikuwa bichi kama lililokatwa asubuhi hiyo, na sanda yake imeloa.

Mjane, Nyamizi, alikuwa amekaa barazani na kaniki yake, mdomo umekauka.

"Kaka," akaniambia, "mimi ni mke wa nani? Kama amekufa, mnizikie mume wangu. Kama yu hai, mbona ananitazama kama hanijui?"

Nikaingia sebuleni, nikakanyaga maji. Mama Masalu alikuwa kwenye kigoda mbele ya picha, amekonda hadi kanga inamwelea. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ugali na sato, haijaguswa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema polepole, ametoka kuvua, amechoka."

"Mama, wewe umekula?"

"Nitakulaje yeye hajala? Namsubiri aanze."

Mzee Lutema alininong'oneza kwamba tangu siku ya maziko dada yake alikuwa hajameza zaidi ya uji wa kulazimishwa. Kila sahani aliiweka pale, na kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Kama mambo yangeendelea hivyo, yule mama angemfuata mwanawe, na kaburi lililokuwa wazi lingepata mwenyewe.

Nikainua macho nikaitazama kazi yangu. Ninajua kila mahali nilipoweka brashi, mwanangu. Mchoraji hawezi kudanganywa na picha yake. Shati nililolipaka bluu nyepesi lilikuwa limekolea kuanzia kwenye ukosi kushuka chini, namna nguo inavyokolea ikiloa. Ndani ya macho nilikuwa nimeweka mwanga wa dirisha la karakana. Dirisha halikuwepo tena. Kulikuwa na mstari mmoja uliolala, kama ziwa na mbingu vikikutana mbali. Nikagusa shavu lake. Kidole kilirudi kimelowa, na hakikuwa na rangi. Nikakinusa. Kilinuka ziwa.

Nikatoka nje. Mzee Lutema akanifuata hadi kwenye kaburi.

"Tulikuomba utusaidie kumuaga mtu," akasema. "Wewe umetuletea mtu. Umemtoa huko alikokuwa, na hapa hujamfikisha. Umemsimamisha mlangoni, ukaenda zako kulala."

"Mzee, mimi nilichora tu."

"Usiniambie umechora tu! Kama ni kuchora tu, mbona ulijisifu? Kazi yako ina nguvu, nimeiona, hakuna anayebisha. Sasa maliza ulichokianzisha."

Sikuwahi kukaripiwa hivyo hata ng'ambo, na huko nilikaripiwa. Lakini ndani ya makaripio yale kulikuwa na sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nimekuja kulielewa hilo baadaye sana.

Nikaagiza rangi zangu ziletwe. Nikaketi chini, kwenye maji yale, karibu na kigoda cha Mama Masalu.

"Mama," nikasema, "nilikuletea kazi ambayo sijaimaliza. Nimemchora akiwa njiani. Niruhusu nimchore akiwa amefika."

Aliigeukia picha, kisha akanigeukia mimi. "Ataumia?"

"Hataumia. Atalala."

"Hajalala tangu aje," akasema. "Namwona."

Nikachanganya rangi ya ngozi ya Masalu, nikaanza jicho la kulia. Brashi ilikuwa nzito kama naivuta kwenye tope. Kope ya juu ikashuka kidogo kidogo, ikakutana na ya chini. Nilipofika jicho la kushoto, lile lililo chini ya kovu, mama akaushika mkono wangu.

"Hili ni langu," akasema.

Kweli, kuyafumba macho ya marehemu ni kazi ya mtu wa damu yake. Mimi na diploma yangu sikuwa nimelifikiria. Nikampa brashi, nikaushika mkono wake kwa chini, mwepesi kama bawa la kuku, na tukashuka pamoja, polepole. Mstari wa ziwa ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Nikasikia pumzi ndefu ikitoka. Hata leo sijui ilikuwa yake, au yangu, au ya nani.

Mama Masalu akaweka brashi chini, akalia kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa. Barazani Nyamizi akakipokea, kisha nyumba ya jirani. Baadaye mama akavuta ile sahani, akala ugali uliopoa.

Tulimzika kabla jua halijashuka. Kitambaa cha picha nilikibandua mwenyewe kutoka kwenye fremu, nikakilaza juu ya sanda. Mgomba ulikuwa umeshaanza kunyauka. Nilipotupa udongo wangu, niliona sahihi yangu kwa mara ya mwisho, nikaifunika. Tuliporudi sebuleni, sakafu ilikuwa kavu.

Mwanangu, juzi ulinionyesha kwenye simu yako jinsi unavyochukua picha ya marehemu ukamfanya atabasamu, ageuze shingo, aseme "mama nipo." Ulisema watu wanalia kwa furaha na wengine wanakuomba uwafanyie. Kisha ukaniuliza kama hiyo nayo ni sanaa, kwa kuwa baba yako anaiita michezo ya wasio na kazi.

Ni sanaa. Mwambie baba yako mimi ndiye niliyesema. Asikudanganye mtu kwamba kazi yetu ni mapambo ya ukuta. Kama ingekuwa mapambo, isingeweza kumnyima mama chakula. Watu wanatuita pale ambapo maneno yamewaishia, tuwape sura ya kitu wasichoweza kukishika ili waweze kukiachia. Kwa hiyo kabla hujagusa simu yako, uliza: huyu anayeniomba anataka kuaga, au anataka kuzuia? Na kila unayemwamsha, mfumbe macho. Mfanye aseme kwaheri, kisha zima. Jina lako likifukiwa pamoja na kazi, acha lifukiwe. Jivune, nakuruhusu, lakini jivune ukiwa umemaliza.

Mimi ninaweza kumchora mtu niliyemwona mara moja tu kwenye foleni ya kivuko. Uso wa Masalu nimejaribu kuurudia mara nyingi, nikiwa na tamaa ya kuonyesha watu kazi yangu bora kuliko zote. Kovu linakuja, shati linakuja. Uso hauji. Na kitambaa nilichojaribia mara ya mwisho kililoa kabla sijakitia hata tone la rangi, kikachukua siku nyingi kukauka. Nimeacha kujaribu.

Mungu aubariki mkono wako, mwanangu. Aupe nguvu ya kuwaita watu na upole wa kuwaachilia. Wanaokupenda wakuone ukirudi nyumbani na miguu mikavu, na siku yako ikifika, ya mbali sana, apatikane wa damu yako wa kukufumba macho.