Nakala Iliyokatika Kila Alipokuja Mama Zuhura

Sioni haya kukisimulia kisa hiki, ingawa dada yangu Rehema angali anakicheka. Nyumbani kwetu Masasi nilifunga diski inayounganishwa kwa waifai, ili kompyuta yangu mpakato ijinakilie humo yenyewe kila jioni. Humo ndimo nilimokusudia kuhifadhi mahojiano yangu na wakulima wa korosho wa Lupaso, msingi wa tasnifu yangu ya uzamili. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Lakini kila jioni kazi ilikatikia njiani. Nilibadilisha mipangilio, nikahamisha rauta, nikachunguza hata unene wa kuta. Hatimaye nikabaini kwamba hukatika pale jirani yetu, Mama Zuhura, anapokuja kuzungumza na mama. Nikahitimisha kuwa simu yake ndiyo inayovuruga mawimbi, nikamwita Rehema awe shahidi.

Mama Zuhura alipoingia, niliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Taa ya diski, inayowaka wakati wa kunakili, ikazimika.

"Umeona?" nikamwambia Rehema. "Mama, naomba simu yako ikae nje."

"Simu nimeiacha nyumbani, inachaji," akajibu Mama Zuhura.

Rehema akaangua kicheko. "Kaka, kompyuta umeifunga mwenyewe. Kila ukiamkia unaifunga, nayo inalala na kuacha kunakili."

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa bado juu ya kifuniko cha kompyuta.

Basi na iwe hivyo. Siwezi kumwamkia mtu mzima huku nimekodolea macho kioo. Tasnifu itasubiri salamu iishe.